Usinitume Maneno, Bibi

Jumatatu, Igowole. Umande umeganda kwenye majani ya viazi, na ukungu umelala mpaka mlangoni, hata choo hukioni kilipo. Magoti yananiuma. Lakini moyo wangu leo ni mwepesi kuliko wiki iliyopita, na nitasema kwa nini, hata kama kuna watakaonuna.

Naandika kwa kidole kimoja. Mimi ni mtu wa darasa la nne, nikikosea herufi soma hivyo hivyo. Aliyenifungulia ukurasa huu ni mjukuu wangu Tumpe, mwaka jana. Aliniambia, "Bibi, unagombeza mtu mmoja mmoja, utachoka. Andika, ugombeze wengi kwa pamoja." Basi kaeni vizuri. Leo na mimi nimo kwenye hao wanaogombezwa.

Siku hizi watu hawana dhambi, mmeliona hilo? Wana changamoto. Mwanaume katelekeza watoto, eti ana changamoto za kifamilia. Kijana kalewa ulanzi tangu jua halijatoka, anapunguza mawazo. Karani kala cha watu, kajiongeza. Kila uchafu tumeupaka rangi, halafu tunashangaa nyumba inanuka.

Na si kwamba hatusali. Makanisa yamejaa, spika zinalia mpaka kuku wanaacha kutaga. Semina ya ndoa wiki hii, ya vijana wiki ijayo. Lakini mshike mtu mkono umuulize, "Mwanangu, una nini?" Atakujibu, "Niko poa, bibi. Mungu ni mwema."

Mungu ni mwema, najua. Nimekuuliza wewe.

Mwanangu Lugano anakaa Mbeya mjini. Ananunua mpunga Ubaruku, anakoboa, anauza. Yeye na mkewe, Mama Tumpe, ni wazee wa kanisa, tena ndio wanaoongoza kikundi cha wanandoa pale kwao. Kwenye kundi la familia la simu picha zao hazikosi kila Jumapili: kitenge sare, meno nje, mkono begani. Watu wanaandika amina. Hata mimi niliandika amina, na herufi zake zilinichukua muda.

Tumpe ndiye mtoto wao wa pekee, yuko kidato cha tatu. Tangu mwaka jana tumbo linamuuma. Hataki kula, na akila anatapika. Wamempeleka hospitali mara nne. Wamempima damu, wamempima choo, wamemwingiza kamera mpaka tumboni. Hawakuona kitu. Daktari mmoja akauliza, "Nyumbani kukoje?" Mama mtu akajibu, "Nyumbani kuko vizuri." Baba mtu akatikisa kichwa kuitikia. Msije mkasema bibi wa Igowole anazuia watu kwenda hospitali, nendeni. Nasema tu kwamba daktari aliuliza swali zuri, akapewa jibu la uongo na watu wazima wawili.

Shule ilipofungwa wakamleta kwangu abadilishe hewa. Akashuka kwenye gari shingo nyembamba, macho makubwa. Nikasema huyu atakula kwangu, atake asitake. Hakula.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa jikoni. Mdogo wangu Sekela, aliyekuja kunitembelea kutoka kwetu Rungwe, alikuwa nje anamenya ndizi alizokuja nazo. Nikamwambia Tumpe, "Kamwambie bibi Sekela chai tayari." Neno la kawaida kabisa, hata wewe umelisema leo. Mtoto akasimama pale mlangoni, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaanza kulia.

"Bibi, nitume maji," akasema. "Nitume kuni. Nitume hata dukani na baridi hii. Usinitume maneno."

Nikaacha chai ichemke mpaka imwagike. Nikakaa naye chini.

Ndipo akaniambia. Nyumbani kwao baba na mama hawasemeshani. Wageni wakiwepo wanasemeshana, kanisani wanacheka, wanashikana mikono. Mgeni akishatoka getini, kimya. Tumpe, mwambie baba yako chakula kipo mezani. Tumpe, mwambie mama yako kesho naenda Ubaruku. Tumpe, mwambie baba yako mimi sikuolewa niwe mlinzi wa nyumba. Mwaka wa tatu huu. Mtoto anapita kwenye korido amebeba maneno ya watu wazima, na yale ya moto anayapoza njiani ili yasimuunguze anayeyapokea.

"Nikiyabadilisha kidogo hawagombani," akaniambia, kama mtu anayenifundisha kupika.

Sasa ule ukali anaoutoa kwenye maneno anauweka wapi? Anaumeza. Halafu tunautafuta kwa kamera.

Nikapiga simu Mbeya saa ile ile. Nikamwambia Lugano, "Jumamosi mje, wote wawili. Na msivae sare."

Kwetu Rungwe, nilipokuwa mdogo, mtoto akiugua ugonjwa usioonekana, wazee walikuwa wanauliza kwanza: katika nyumba hii nani ana hasira na nani? Watu wa nyumba wanakaa, bakuli la maji linawekwa katikati. Mwenye hasira anaisema mbele ya wote, anachukua maji mdomoni, anayatema chini. Basi, imetoka. Wazee wetu waliamini hasira isiyosemwa haikai bure, inatafuta mwili wa kukaa, na inapenda mwili mdogo. Nikaona njia hiyo ndiyo inayomfaa Tumpe wangu.

Jumamosi wakaja. Nikaweka bakuli la bati mezani, Lugano akaliangalia kama nimeweka nyoka.

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Haya mambo ya kimila mimi hapana."

"Ni maji ya bomba, Lugano. Nimechinja kuku hapa? Umeona hirizi? Kaa."

Akakaa. Mama Tumpe akakaa upande wa pili wa chumba, mbali kabisa, mtoto katikati yao. Sekela alikuwa kwenye kigoda chake anatafuna kiazi cha kuchoma.

Nilikuwa nimejiandaa, jamani. Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia. Nikaanza: Lugano, wewe unafundisha ndoa za watu na yako imeoza! Mama Tumpe, wewe ni mama wa namna gani, unamgeuza mtoto simu? Nikapandisha sauti mpaka jirani aliyekuwa anapita akasahau hata kutuambia kamwene, salamu ya huku, akakaza mwendo. Nilikuwa najisikia vizuri, sitawaficha. Kugombeza kunanipa nguvu kuliko chai.

Sekela akameza kiazi chake. "Dada, subiri kwanza. Nani ameita maji?"

"Mimi."

"Basi tema."

"Niteme nini? Mimi nina hasira na nani?"

"Kwenye maji mtu hasemi kosa la mwenzake, anasema hasira yake. Na aliyeita ndiye anaanza. Umesahau, au umekaa sana na hawa Wahehe wa huku?"

"Sekela, usinichezee. Sina hasira na mtu."

Akanicheka, meno yake yote matano. "Huna hasira! Dada, nakujua tangu unaninyang'anya ndizi. Ile hasira ya msiba wa shemeji uliitemea wapi? Mimi sikuwepo?"

Nilitaka kumrushia bakuli.

Hapa lazima niwaeleze, maana ndipo penyewe.

Kwetu Rungwe mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hataji jina lake, haingii chumba alichomo. Mgeni akiona atadhani ni dharau, kumbe ndiyo heshima yenyewe. Wengi wameacha siku hizi. Mama Tumpe ni binti wa kwetu Rungwe na yeye, hakuacha, bibi yake ndiye aliyemlea hivyo. Tena siku ya posa mimi mwenyewe nilimsifia mbele ya watu kwa hilo.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa hapa Igowole. Alipougua alilala miezi mitatu nyumbani kwa Lugano kule Mbeya, mimi nikimuuguza. Mama Tumpe hakuingia chumbani hata siku moja. Uji aliuweka mlangoni, mimi nikauingiza ndani. Halafu daktari akaniita pembeni, akaniambia, mama, siku zake zimebaki chache. Kesho yake nikasema viazi vyangu Igowole vitaoza shambani. Nikaomba jirani mmoja muuguzi awe anapita asubuhi na jioni, nikapanda basi. Siku ya pili mume wangu akafa, saa sita mchana.

Viazi havikuwa vinaoza. Niliogopa.

Niliogopa kumwona anakata roho. Miaka arobaini na moja nimelala na yule mtu, na dakika ya mwisho nikamkimbia nikaenda kuchimba viazi. Siku ya msiba nikamvuta Lugano nyuma ya jiko nikamwambia, "Mkeo hakumtazama baba yako hata mara moja. Amemwacha kafa peke yake kama mtu asiye na watu." Lugano alikuwa Ubaruku siku hiyo, angejua nini? Aliamini, mimi ni mama yake. Na yeye ni mtoto wa huku Igowole, mila ya mama yake hakuwahi kufundishwa, maana sikumfundisha.

Mimi nilijua. Nilijua kabisa kwa nini yule binti haingii. Kama kuna mtu mmoja Mbeya na Iringa nzima aliyetakiwa kusimama siku ile aseme mwacheni, hii ni heshima, ni mimi.

Na tangu mwaka jana nimeandika kwenye ukurasa huu kwamba dunia imeharibika.

Basi nikayasema yote hayo pale, mbele yao, na mtoto anasikia. Nikamwambia Mama Tumpe, "Hasira ile ilikuwa yangu mimi na mimi. Nikakutwisha wewe, kwa sababu ningebaki nayo ingeniua." Nikachukua maji mdomoni. Yalitoka na kikohozi, mengine yakamwagikia kitenge changu. Sikutema vizuri kama wazee wetu. Lakini nilitema.

Mama Tumpe alikuwa anatazama sakafu. Nikadhani atanyanyuka aondoke, na angeondoka ningemwita nani arudi?

Akasema polepole. "Mama, mimi nilikuwepo. Kila siku ulipotoka, na hata ulipopanda basi, nilitandika mkeka pale mlangoni kwake, nikakaa nachagua mchele, siku nzima. Mzee alikuwa anagonga ukuta mara mbili. Na mimi nagonga ungo mara mbili, ajue kuna mtu. Hatukusemeshana hata neno. Siku ile aligonga mara moja. Nikagonga ungo mara mbili, nikasubiri. Nikagonga tena." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ndipo nikakimbia kumwita muuguzi."

Nawaandikia na macho yananisumbua. Kumbe hakufa peke yake. Miaka mitatu nimembeba yule mzee amekufa peke yake, na aliyekuwa na habari ya kunitua ni huyu huyu niliyemtukana.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Mila ni yako, mama. Nilisubiri useme wewe."

Nikainamisha kichwa. Mimi! Sekela ni shahidi.

Mama Tumpe akavuta bakuli. Akasema ana hasira na mimi niliyesema, na ana hasira na mumewe aliyeamini bila kumuuliza. Akatema mara mbili, vizuri, na maji yakaenda mbali. Binti wa watu amelelewa.

Ikabaki zamu ya Lugano. Jasho linamtoka na baridi yote ile. Akakohoa, akakaa sawa, akasema, "Tumpe, mwambie mama yako..."

Akakatiza hapo hapo. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshakwenda tumboni wenyewe. Lugano akauona ule mkono. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona.

Sekela akasema, "Mdomo unao, baba. Utumie."

Akageuka mwili mzima, taratibu, kama lori linatafuta pa kugeuzia. "Mama Tumpe," akasema. Nikataka kumsaidia, Sekela akanifinya. "Mama Tumpe... umekunywa chai?"

Miaka mitatu ya kimya, neno lenyewe ndilo hilo. Sekela akacheka mpaka kigoda kikataka kumwangusha. Mimi sikucheka. Niliona uso wa yule mwanamke.

"Sijanywa," akasema.

"Ngoja nikumiminie."

Akamimina, nusu kikombe, nusu meza. Baadaye akachukua maji na yeye akasema yake, na hayo siandiki. Nimewaomba ruhusa wote kabla ya kuandika haya. Lugano alikunja uso. Mama Tumpe alisema, "Andika, mama. Ya msiba uliyasema nyuma ya jiko, haya yaseme mbele."

Sasa asitokee mtu hapa kuniambia zamani watu walikuwa malaika. Hawakuwa. Mjomba wangu mmoja alitema maji mchana, na wiki ile ile akasogeza mpaka wa shamba la kaka yake. Yale maji hayana dawa yoyote, ni ya bomba, na bomba lenyewe linakatika kila wiki. Faida yake ni moja. Ukiwa na maji mdomoni huwezi kusema "tuko vizuri". Unabaki na lile ulilolisema, na watu wanakutazama.

Hicho ndicho tulichokitupa. Kusali tunasali, kwenye semina tunakwenda. Tulichotupa ni kile kikao ambacho mtu mzima anasema mimi nimekosa, mimi nimekasirika, mimi niliogopa, kwa mdomo wake, na wanaomhusu wapo. Tukaweka picha na amina. Halafu kila kitu tusichotaka kukisema tunampa mtoto akibebe. Hapa kijijini kwangu najua nyumba tatu zenye mtoto kama Tumpe, na mmoja wa wenye nyumba hizo anasoma ukurasa huu kila wiki. Wewe, nakuona. Usiniandikie amina hapo chini. Nenda kamuulize mtoto wako.

Lugano na mkewe waliondoka jana baada ya ibada. Kama wamesemeshana njiani mpaka Mbeya, sijui, na sikumpigia mtu simu kuuliza. Tumpe atakaa na mimi mpaka shule ifunguliwe. Halafu atarudi kwa daktari yule yule, na mama yake ameahidi kwamba safari hii lile swali la nyumbani atalijibu. Tumbo bado linauma. Sikudanganyi kwamba limepona, haya si mambo ya mikutano ya miujiza. Jana kala kiazi kimoja na nusu, hakutapika.

Asubuhi hii nimeamka nikachemsha chai. Sekela alikuwa kule nyuma ya nyumba, anatafuta jua ambalo halipo. Tumpe alikuwa hapa jikoni na kiazi mkononi. Nikafungua mdomo: "Tumpe, kamwambie bibi..."

Akanitazama. Alisubiri tu, kiazi kimesimama karibu na mdomo.

Nikaweka sufuria chini. Nikashika mlango, nikanyanyuka na magoti yangu haya, nikazunguka nyumba nzima kwenye ukungu, viatu vikalowa.

"Sekela," nikamwambia, "chai tayari."

"Khaa! Umekuja mwenyewe? Mtoto yuko wapi?"

"Anakula," nikasema. "Mwache ale."